Kupima uvimbe wa ovari kwa utrasaundi, na kuiwahi ovari iliyojisokota

Nafanya kazi ya utrasaundi katika hospitali ya wilaya kusini mwa Tanzania: chumba kimoja, mashine moja, pazia la kijani mlangoni. Wanawake wengi wanaoletwa na maumivu ya chini ya kitovu wameshaambiwa nyumbani kuwa ni chango, na baadhi yao wameshakunywa dawa za mizizi siku mbili tatu. Simlaumu yeyote. Ninachotaka ni kwamba akishafika kwetu, asipoteze tena hata saa moja.

Nawaandikia wenzangu mnaoanza kushika probu, kile kifaa cha mkononi cha kupimia: matabibu, madaktari wa zamu, wakunga mliopelekwa kozi fupi, vijana mliotoka chuo cha mionzi juzi. Vyeti ninavyoletewa kutoka vituo vingine mara nyingi vina mstari mmoja tu: "Uvimbe kwenye ovari ya kulia." Mstari huo haumsaidii mtu. Daktari wa upasuaji ana maswali mawili. La kwanza: uvimbe huu una sura ya saratani au hauna? La pili: ovari imejisokota, yaani imezunguka kwenye kikonyo chake na kujibana damu? Swali la kwanza linaweza kusubiri wiki kadhaa. La pili linahesabiwa kwa saa, na ndilo tunalolijibu vibaya zaidi.

Kabla ya kupaka jeli

Anza na kipimo cha mimba cha mkojo. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo la chini apimwe, hata akisema yuko kwenye siku zake, hata akiwa na kitanzi, hata akiwa mwanafunzi aliyesindikizwa na mama yake. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba inaweza kukaa ubavuni mwa ovari, ukaiona kama uvimbe wa kawaida, na mgonjwa akafa kwa kuvuja damu ndani.

Kisha muulize, na umsikilize. Msichana mmoja wa miaka kama ishirini aliletwa kwangu jioni, ameinama, amejishika ubavu wa kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

"Hapa. Yalinishika ghafla nikiwa nanyanyua ndoo. Yanakaza, yanaachia, halafu yanarudi na kutapika."

Ghafla, yanaachia yanarudi, kutapika. Ukisikia hayo matatu pamoja, ovari iliyojisokota iwe ya kwanza kichwani mwako kabla hata hujawasha mashine. Uliza pia tarehe ya hedhi ya mwisho, kama hedhi imekoma, kama anatumia dawa za kuchochea mayai, na kama aliwahi kuambiwa ana uvimbe. Picha ileile moja ina maana tofauti kwa msichana wa miaka 16, kwa mama mjamzito wa wiki 12, na kwa bibi wa miaka 65.

Kuhusu kibofu: kipimo cha juu ya tumbo kinataka kibofu kilichojaa, maana mkojo ndio dirisha letu la kuchungulia nyonga. Lakini mgonjwa anayetapika, ambaye huenda akaingia chumba cha upasuaji usiku huohuo, usimpe lita moja ya maji anywe na kumkalisha kwenye benchi. Asile wala asinywe. Kama kibofu ni kitupu na huwezi kupima kwa njia ya uke, mwekeeni mpira wa mkojo na kujaza maji ya chumvi kama mililita 200 au 300 taratibu. Utaona unachotaka, na muda haujapotea.

Njia ya uke ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi, kwa sababu probu iko karibu na ovari na masafa ya mawimbi yake ni ya juu. Kwa njia hiyo kibofu kiwe kitupu. Mweleze mgonjwa utafanya nini, aridhie kwa maneno yake mwenyewe, na awepo muuguzi wa kike chumbani. Swali la kama ameshawahi kukutana na mwanaume muulize akiwa peke yake, mama au mume akiwa nje. Kama hajawahi, pima juu ya tumbo. Probu ivalishwe kondomu yenye jeli ndani na nje, na baada ya kipimo ioshwe na kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kondomu huweza kupasuka bila wewe kuona, kwa hiyo usiseme tu kwamba ilikuwa imevaa.

Anza juu ya tumbo hata kama utamalizia kwa njia ya uke. Uvimbe mkubwa hupanda juu ya nyonga, na probu ya uke haiufikii. Nimeona ripoti iliyosema ovari ni za kawaida wakati mgonjwa ana uvimbe unaofika kitovuni.

Itafute ovari yenyewe

Fuata pembe ya mji wa mimba kuelekea pembeni hadi uone mishipa mikubwa ya damu ya nyonga; ovari hulala jirani na mishipa hiyo. Utaitambua kwa folikali zake, vifuko vidogo vyeusi vya maji. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kifuko cha maji kisichozidi sentimita 3 ni folikali. Kiandike hivyo. Usikiite uvimbe, maana neno hilo atalibeba hadi nyumbani na halitamwacha alale.

Pima pande tatu kwa sentimita, zidisha zote, kisha zidisha kwa 0.523, utapata ujazo kwa mililita. Pima ovari zote mbili kila mara, hata kama maumivu ni upande mmoja. Ovari ya upande wa pili ndiyo mizani yako, na baadaye utaona kwa nini.

Ukiona uvimbe, jambo la kwanza ni kujua umetoka wapi. Huku kwetu fibroidi, uvimbe wa nyama wa mji wa mimba, tunakutana nazo kila siku, na fibroidi yenye kikonyo iliyokaa pembeni hujifanya uvimbe wa ovari. Bonyeza taratibu kwa probu huku mkono wako mwingine ukisukuma tumbo kwa nje. Kitu kinachoteleza peke yake, kikiiacha ovari ilipo, hakijatoka kwenye ovari. Washa rangi, yaani doppla inayoonyesha damu inavyotembea, uone kama mishipa ya damu inaingia kwenye uvimbe ikitokea kwenye mji wa mimba. Ikiwa hivyo, ni fibroidi. Ukiona ovari nzima pembeni ya kifuko cha maji, hicho huenda ni kifuko cha jirani na ovari. Na kifuko kirefu kilichojikunja, chenye vikuta visivyofika upande wa pili, ni mrija wa uzazi uliojaa maji.

Kuusoma uvimbe

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Mwaka 1999 Dirk Timmerman, Lil Valentin na Tom Bourne walianzisha kundi la watafiti linaloitwa IOTA, kwa sababu kila mpimaji duniani alikuwa anaueleza uvimbe wa ovari kwa namna yake. Mwaka 2000 wakatoa maneno ya pamoja, na ndiyo ninayoyafuata. Uvimbe una chumba kimoja au vyumba vingi? Kuna sehemu ya nyama au ni maji matupu? Ukuta wa ndani ni laini au una vinyama vilivyoota? Maji ya ndani ni meusi, yana ukungu, au yamechanganyika? Kuna kivuli nyuma yake? Damu ni kiasi gani, kwa alama ya 1 hadi 4, ambapo 1 ni hakuna kabisa na 4 ni nyingi sana? Kuna maji tumboni?

Uvimbe wa aina kadhaa hujitambulisha wenyewe ukiujua.

Sisti ya kawaida, kifuko cha maji matupu, ni nyeusi kabisa, ukuta mwembamba na laini, na nyuma yake kuna mwangaza zaidi kwa sababu mawimbi yamepita majini bila kupungua nguvu. Mwongozo wa chuo cha madaktari wa wanawake cha Uingereza, RCOG, wa mwaka 2011 unasema hivi kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi: sisti ya namna hii iliyo chini ya milimita 50 haihitaji kufuatiliwa, ya milimita 50 hadi 70 ipimwe kila mwaka, na iliyozidi hapo itafutiwe kipimo kingine au upasuaji. Nawasihi muizingatie mistari hiyo. Wasichana wangapi wamekatwa tumbo kwa sisti ya sentimita 4 ambayo ingeondoka yenyewe?

Sisti iliyovujia damu ndani ndiyo inayowachanganya wengi. Damu mbichi hung'aa kama nyama. Ikiganda hutoa nyuzi nyembamba zinazokatizana. Baadaye donge husinyaa na kubaki ukutani likiwa na ukingo uliobonyea kwa ndani. Kinyama cha kweli hutuna kwa nje na huwa na mishipa ya damu. Donge halina. Kwa hiyo weka rangi juu ya donge, subiri, tikisa probu kidogo uone kama linachezacheza. Ukibaki na shaka kwa mwanamke kijana, mrudishe baada ya wiki 6 hadi 12, mara tu hedhi inapokwisha. Damu itakuwa imeondoka.

Endometrioma, sisti inayotokana na nyama ya ndani ya mji wa mimba kuota kwenye ovari, ina maji yenye ukungu mmoja uliosambaa sawasawa, chumba kimoja hadi vinne, bila nyama. Mwenye nayo mara nyingi atakwambia hedhi yake humlaza kitandani tangu akiwa shule. Wakati wa mimba ukuta wake unaweza kuota vinyama vyenye damu kwa sababu ya homoni na ukafanana sana na saratani. Hapo usikimbilie hukumu, mpeleke kwa mwenye uzoefu.

Dermoidi imebeba mafuta, nywele, wakati mwingine meno. Mafuta na nywele hung'aa sana kisha hutupa kivuli kizito kinachoficha sehemu yote ya nyuma, hivyo asiyezoea huona ukingo wa mbele tu na kudhani ni utumbo wenye kinyesi. Dawa yake ni kutazama kwa dakika nzima: utumbo husukasuka, dermoidi haisogei. Nywele zinazoelea huonekana kama mistari mifupi na nukta nyeupe ndani ya maji. Dermoidi inaweza kuwa pande zote mbili, kwa hiyo usifurahie ya kwanza ukasahau kutafuta ya pili. Pia ni miongoni mwa uvimbe unaosababisha ovari kujisokota mara nyingi, hasa kwa wasichana na wajawazito.

Fibroma ni nyama tupu, mviringo, laini, nyeusinyeusi, yenye vivuli vya mistari. Inaweza kuleta maji tumboni na hata kifuani ingawa si saratani; Joe Vincent Meigs wa Marekani alieleza hali hiyo na sasa inaitwa kwa jina lake. Uvimbe wa ute wenye vyumba vingi, kila chumba na ukungu wa kiwango chake, unaweza kukua hadi ukajaza tumbo lote na bado usiwe saratani.

Uvimbe usiojitambulisha ninaupitisha kwenye kanuni rahisi ambazo IOTA walizichapisha mwaka 2008. Dalili za usalama ni tano: chumba kimoja tu; kama kuna nyama, kipande kikubwa kabisa kisifike milimita 7; kuna kivuli; vyumba vingi vyenye kuta laini na ukubwa wote ni chini ya milimita 100; hakuna damu ndani. Dalili za hatari nazo ni tano: uvimbe wa nyama wenye umbo baya; maji tumboni; vinyama vinne au zaidi vilivyoota ukutani; uvimbe wa vyumba vingi wenye nyama, umbo baya na ukubwa wa milimita 100 au zaidi; damu nyingi sana. Ukipata za upande wa usalama peke yake, andika kuwa unaelekea kutokuwa saratani. Ukipata za hatari peke yake, ni rufaa ya haraka. Ukipata za pande zote mbili, au hukupata hata moja, andika kwamba kanuni hazikuamua na mgonjwa aonwe na mtaalamu. Kuandika hivyo ni kazi nzuri, tena ya mtu mwaminifu.

Nina nyongeza mbili zinazotuhusu sisi. Maji tumboni pamoja na utando mnene hayawi saratani ya ovari kila mara: kifua kikuu cha tumbo huleta picha hiyohiyo, na hata kipimo cha damu cha CA-125, kinachotumika kushuku saratani ya ovari, hupanda. Muulize homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na mtu anayekohoa nyumbani. Ya pili ni kuhusu watoto. Ukimkuta mtoto ana ovari zote mbili zimejaa nyama na zinakua kwa kasi, kumbuka limfoma, saratani ya chembe za kinga, aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958. Ugonjwa ule hutibiwa kwa dawa, na mtoto asitolewe ovari kabla sampuli haijasomwa.

Ovari iliyojisokota

Ovari imeshikwa pande mbili: upande mmoja na kano inayotoka kwenye mji wa mimba, upande wa pili na kano inayotoka ukuta wa nyonga. Damu nayo huja kwa njia mbili, kupitia ateri ya ovari inayotoka kwenye mshipa mkuu wa tumbo, na tawi la ateri ya mji wa mimba. Ovari ikizunguka kwenye kikonyo chake, vena zenye kuta laini hubanwa kwanza huku ateri zikiendelea kusukuma. Damu inaingia, haitoki. Ovari inavimba kwa maji, inakuwa nzito, inashuka katikati ya nyonga, na mwishowe ateri nazo hubanwa na nyama ya ovari huanza kufa. Shika mfuatano huo, maana kila dalili utakayoiona kwenye skrini imetokana nao.

Hatari huongezeka uvimbe ukifika sentimita 5 na kuendelea, wakati wa mimba, na kwa wanaotumia dawa za kuchochea mayai. Upande wa kulia huathirika zaidi, kwani kushoto utumbo mpana umechukua nafasi. Endometrioma na saratani mara nyingi zimegandamana na viungo vya jirani, hivyo huzunguka kwa nadra. Na msichana ambaye hajavunja ungo anaweza kusokota ovari isiyo na uvimbe wowote. Usimrudishe nyumbani kwa sababu tu hukuona sisti.

Sasa mgonjwa yuko kitandani. Weka probu pale alipoonyesha kwa kidole, kisha fuata utaratibu huu.

Pima ovari mbili na uzilinganishe. Yule msichana wa ndoo, ovari ya kulia ilikuwa 6.2 × 4.8 × 5.0, yaani mililita 78. Ya kushoto ilikuwa 3.1 × 2.0 × 2.2, mililita 7. Ndani ya ile ya kulia kulikuwa na dermoidi ya sentimita 3. Ukiitoa kwenye hesabu bado zinabaki mililita zaidi ya 60. Ovari iliyozidi sentimita 4, au mililita 20, kwa mgonjwa mwenye maumivu ya ghafla, inatosha kukupa wasiwasi. Ila sisti ikiwa kubwa sana hesabu hii haikusaidii, kwani ukubwa ni wa sisti. Hapo tafuta nyama ya ovari iliyobanwa pembeni ya sisti na uisome hiyo.

Isome nyama ya ovari. Inapovimba kwa maji hung'aa kuliko kawaida katikati na kupoteza mpangilio wake. Folikali husukumwa pembezoni, zikajipanga ukingoni kama shanga kiunoni. Sogeza picha karibu uangalie folikali mojamoja: mara nyingi kila moja imezungukwa na pete nyeupe, ambayo ni maji ya kuvimba na damu iliyovuja kuizunguka.

Angalia ilipo. Ovari iliyojisokota hupenda kuhama: mbele ya mji wa mimba, juu yake, au nyuma kabisa katikati. Mji wa mimba nao huvutwa kuelekea upande unaouma. Nyuma ya mji wa mimba mara nyingi kuna maji kidogo.

Kisha tafuta kikonyo. Watu wengi hawakitafuti, na mimi naona ndicho chenye thamani kuliko vyote. Anzia pembe ya mji wa mimba upande unaouma, telezesha probu polepole sana kuelekea kwenye ovari, na utazame kati yao. Kikonyo kilichosokotwa huonekana kama donge la mviringo lenye duara ndani ya duara, jeupe na jeusi kwa zamu. Ukisogeza probu mbele na nyuma juu yake, duara hizo huonekana zikizunguka. Ukiweka rangi, mishipa huzunguka pamoja nazo. Rekodi video fupi kama mashine yako inaruhusu, kwa sababu picha iliyosimama haionyeshi mzunguko. Usichoke mapema. Kikonyo kinaweza kuwa na upana wa sentimita mbili tatu tu, na gesi ya utumbo hupenda kukaa juu yake.

Doppla iwe ya mwisho. Shusha kipimo cha kasi hadi sentimita 3 hadi 6 kwa sekunde, shusha chujio linaloondoa mwendo wa polepole, pandisha gaini (nguvu ya kuonyesha rangi) hadi punje za rangi zianze kutapakaa kila mahali, kisha irudishe kidogo mpaka zipotee. Anza na ovari nzima ya upande wa pili ili ujue mipangilio yako inaona damu. Bila kugusa kitu, hamia kwenye ovari inayouma. Ukikosa rangi kabisa hapo, wakati upande wa pili rangi ipo, hilo ni jibu zito. Ukikosa rangi pande zote mbili, tatizo ni mashine yako.

Na ukiiona rangi? Hapa nataka unielewe vizuri: damu kuonekana kwenye doppla haiondoi kujisokota. Ateri mbili zinailisha ovari, na mwanzoni vena tu ndizo zilizobanwa. Kikonyo kinaweza kuwa kimezunguka nusu, au kimejifungua kwa muda kisha kikajisokota tena. Tafiti nyingi za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji zimeonyesha kwamba sehemu kubwa yao doppla iliona damu. Ripoti inayosema "damu ipo, hakuna kujisokota" imewapotezea wanawake ovari. Andika badala yake kwamba damu imeonekana, na kwamba jambo hilo haliondoi ovari kujisokota.

Usiku ule daktari wa zamu aliniuliza swali hilohilo kwenye simu: "Sista, damu ipo?" Nikamjibu, "Ipo, daktari, lakini kikonyo kimezunguka, nimekirekodi, na ovari imezidi mwenzake mara kumi." Akaja, akatazama video, wakaingia chumba cha upasuaji. Ovari ilikuwa imezunguka mara mbili, rangi ya zambarau inayoelekea nyeusi. Wakaifungua, wakaifunika kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, wakasubiri. Haikurudi kuwa nyeupe, na bado waliiacha. Ndivyo inavyopaswa: weusi wa ovari haumaanishi imekufa, na nyingi zilizoachwa baada ya kufunguliwa zimerudi kutoa mayai. Ukipata nafasi ya kuzungumza na daktari mgeni wa kazi kabla hajaingia, mkumbushe hilo kwa heshima, hasa kama mgonjwa ni binti.

Kama hukuona chochote lakini maumivu yanasema mengine, amini maumivu. Ovari inaweza kuwa imejifungua yenyewe dakika chache kabla hujapima. Mgonjwa alazwe, aangaliwe, apimwe tena maumivu yakirudi. Tazama pia kidole tumbo, sisti iliyopasuka, usaha kwenye mirija, na figo kwa ajili ya mawe. Hayo yote huuma palepale.

Ripoti, na simu kabla ya ripoti

Ukishuku kujisokota, piga simu kwanza, andika baadaye. Mwambie daktari mwenyewe, na uandike saa uliyompigia. Kama hospitali yako haina mpasuaji, rufaa ianze hapohapo: mpira wa dripu uwekwe mshipani, dawa ya maumivu apewe, asile kitu, na anakopelekwa wapigiwe kabla gari halijaondoka. Usimnyime dawa ya maumivu kwa kuogopa itaficha ugonjwa, umeshauona.

Ripoti yenyewe iwe na umri na tarehe ya hedhi, njia uliyopimia, ujazo wa ovari zote mbili, maelezo ya uvimbe kwa maneno ya IOTA, na majibu ya yale maswali mawili. Kwa yule binti niliandika hivi: "Ovari ya kulia imevimba, mililita 78, iko katikati mbele ya mji wa mimba, folikali ziko ukingoni. Ndani yake uvimbe wa milimita 30 wenye sehemu inayong'aa na kivuli, hauna damu, unalingana na dermoidi. Kikonyo kimesokotwa. Damu imeonekana kwenye ovari, haiondoi kujisokota. Ovari ya kushoto mililita 7, ya kawaida. Daktari wa zamu amearifiwa kwa simu." Mistari michache, na kila anayeisoma anajua cha kufanya.

Mgonjwa naye anahitaji ripoti yake, kwa mdomo. Ondoa kwanza macho yako kwenye skrini, mgeukie. Wengi wakisikia neno uvimbe wanasikia saratani, na wakisikia ovari wanasikia hatazaa. Mwambie unachokijua: umeona nini, kinaelekea kuwa nini, nani atamwona, lini. Kama ovari moja itatolewa na nyingine ni nzima, mwambie kwamba nyingine inaweza kumpa watoto. Kama mama mkwe yuko mlangoni, uliza mgonjwa kabla hujamkaribisha.

Baada ya upasuaji

Ovari iliyofunguliwa irudiwe kupimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Usiwahi sana, kwani uvimbe wa maji bado haujaisha na unaweza kuidhania dermoidi kitu kibaya zaidi. Pima ujazo tena, hesabu folikali, linganisha na upande wa pili kama mwanzo. Folikali zikiwepo na rangi ikiwepo, ovari inafanya kazi. Mara nyingi dermoidi huachwa siku ya kwanza kwa sababu nyama iliyovimba hushoneka kwa shida, kwa hiyo kipimo hiki ndicho kitakachomwonyesha daktari ukubwa wake wa kweli na mahali pa kukata akipanga kuitoa. Mpe mgonjwa nakala ya ripoti aiweke nyumbani, na umweleze yeye na anayeishi naye: maumivu ya ghafla yakirudi, upande wowote, aje siku hiyohiyo na karatasi hiyo mkononi.